Kiti cha Mahameli Kwenye Maegesho ya Hospitali

"Chenye miguu, kisicho na miguu, hakuna kiti kilichowahi kunishinda!" Mjomba aliyatangaza hayo kwa kipaza sauti kwenye harusi ya bintiye, mbele ya wageni mia mbili waliokalia viti vya plastiki vya kukodi. Ni fundi makochi, mwaka wa thelathini sasa, na akiingia kwako hakuulizi hali. Anabonyeza kochi kwanza.

Kwa hiyo binti alipojifungua, na hospitali ikasema mtoto haondoki kwa gari bila kiti chake maalumu, mjomba alicheka mpaka akakohoa. Mjukuu wa kwanza ataletwa nyumbani na yeye, basi. Babu wa upande wa pili, mwalimu wa udereva aliyestaafu, alikuwa ameshaosha gari lake mara mbili, anasubiri mtu ateleze.

Mjomba alinunua kiti, akakizunguka, akaguna. "Kina matundu ubavuni! Aliyekitengeneza alikuwa anawahi wapi?" Akakijaza sponji ya inchi tatu, akakivika mahameli ya zambarau, akashona, akapiga vifungo. Matundu yote yakazibwa. Karatasi ya maelekezo aliikata, akapata patani nzuri sana ya kukatia mto wa kichwa.

Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alitoka hadi kwenye maegesho, akainama ndani ya gari, akakishika kiti kwa mkono mmoja. Kikamfuata.

"Babu, hiki kimefungwa na nini?"

"Kimekaa, mwanangu. Hukioni kilivyotulia?"

"Mkanda wa gari unapita kwenye matundu ya ubavuni. Yako wapi?"

Mjomba akapapasa ubavu wa kiti. "Niliyatibu."

"Na mbona kinatazama mbele?"

"Aone anakokwenda."

"Ana siku mbili! Shingo yenyewe bado haijakaza. Anatazama nyuma. Na sponji yote itoke. Gari likigonga, sponji inabonyea, mikanda inalegea, mtoto anachomoka."

Hapo mjomba akaacha utani. Kutoka gari la pili, la yule babu mwalimu wa udereva, ikaja sauti tamu kupita kiasi: "Mkwe, nisogeze langu? Changu nimekifunga tangu juzi."

Binti alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mikononi. "Baba, nikusubiri au nipande kule?"

"Nisubiri, mama."

Akachomoa mkasi mfukoni, maana mjomba hata msibani huenda na mkasi, akaikata kazi yake mwenyewe. Vifungo viliruka, kimoja kilimpata mkwe, aliyeshuka kuja kutazama, kwenye paji la uso, na sijui kama ni bahati mbaya. Kiti kikabaki uchi. Mjomba akakigeuza kitazame nyuma, akapitisha mkanda kwenye matundu, akakigandamiza kwa uzito wake wote huku akikaza na kutweta. Muuguzi akakivuta kwa mikono miwili. Gari ndilo lililotikisika, kiti wala.

"Haya, mpakieni."

Mjukuu akafungwa, mikanda ikambana vizuri, akapiga chafya moja, akalala. Mjomba akajifuta jasho kwa sponji.

Mkwe alikuwa ameokota kipande kikubwa cha mahameli, anakipapasa. "Lakini mkwe, hiki si kingetosha kuuvika usukani wangu?"

Mjomba alishawasha gari.

"Elfu kumi na mbili."