Salamu za Anna Zilizofika Nairobi

Ndugu zangu, sina pa kuuficha uso. Mkwe wangu wa mtaa wa Pasua alinunua redio mpya ya kuwasiliana na watu wa mbali, nami nikaiunganisha na kidude changu cha shaba nilichokuwa nikigongea simu za maandishi posta.

Alipotoka kidogo, nikadhani mlio unaishia mle chumbani. Nikamgongea marehemu mke wangu, niliyemchumbia kwa waya, yeye akiwa Tanga, mimi Moshi: “Anna, kahawa imechanua. Kitanda ni kipana mno.”

Mkwe akaingia mbio. “Baba, unarusha hewani!”

Redio ikaanza kulia nukta na mistari ya simu za maandishi, na sote wawili tukausoma ujumbe: “Hapa Nairobi. Mimi siye Anna, bwana. Lakini endelea.”