Maharage Yaliyopasukia Shambani

Maharage yakikauka hung'olewa alfajiri, umande ungali umelainisha maganda. Jua likishapanda, ukigusa shina tu punje zinarukia ardhini. Kila mtu wa Buger alilijua hilo, hata mwenyekiti wetu wa kijiji. Na bado filimbi ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, ilipulizwa alfajiri hiyohiyo.

Tulikuwa tunajenga zahanati. Sisi wanawake tulisomba mawe kutoka korongoni, wanaume wakajenga. Asiyefika, mgambo walichukua kuku wake, au mbuzi. Eti kujitolea! Mume wangu alikuwa mpishi katika hoteli ya watalii, kule juu ukingoni mwa kreta, hivyo shamba lilinitegemea mimi peke yangu, na mtoto mgongoni. Kibaya zaidi, zahanati yenyewe niliitaka. Mtoto wangu alisumbuliwa na kifua, na hospitali ilikuwa mbali. Nilibeba mawe huku roho iko shambani.

Nilimwendea mwenyekiti. "Baba, niruhusu asubuhi mbili tu. Chakula chetu cha mwaka kiko pale."

"Mama, nikikuruhusu wewe watakuja wote," alisema, tena kwa upole. "Vumilia. Ni kwa faida yako."

Mchana nilipofika shambani maganda yalikuwa yanapasuka yenyewe juani. Niliinama nikaokota punje kwenye udongo mpaka kucha zikauma, nalia kwa hasira. Nyingi ziliniponyoka.

Siku ya kufungua zahanati, mgeni kutoka wilayani aliuliza imegharimu kiasi gani. Mwenyekiti akajibu kwamba ni saruji na mabati tu, kazi ya wananchi haikugharimu kitu. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, ningefanyaje?

Kabla ya mvua chakula kikaniishia, na mshahara wa mume wangu ulikuwa haujafika. Nikaenda kuomba kibarua kwa mke wa mwenyekiti. Akanionyesha kipande cha kulima, akasema nikikimaliza atanipa kopo la maharage. Nililima mpaka jioni. Alilijaza kopo mpaka juu, halafu akaniongezea kiganja kwa huruma. Maharage yale yalikuwa safi, hayana hata chembe ya udongo.

"Dada, haya uliyavuna lini?" nikamuuliza.

"Si ni wakati uleule wa zahanati," alisema. "Mzee aliniambia nibaki nyumbani nivune kwanza."

Nikamshukuru. Nikayafunga kwenye kanga, nikaondoka. Mtoto alikuwa na njaa.