Rangi ya Ile Ndege ya Abisinia

Hapana, usiniambie ati ilikuwa kijani nzima! Ulikuwako? Kaka yangu njo alikuwako. Alienda Abisinia na basoda kupigana vita, akalala mu matope wakati ndege ya Waitalia ilikuwa inapita juu na kupiga risasi. Mabawa mbili, moja juu ya ingine. Mugongo rangi ya muchanga, na madoa ya kijani kama ya chui. Tumbo ya kijivu, ukiwa chini unaichanganya na mawingu.

Vita ilipoisha akarudi kwetu Kibua, na hiyo yote aliniambia mimi. Mimi peke. Sikuingia mu masomo. Nilisoma kwa kinywa yake. Tuliichonga ile ndege mu muti mwepesi, na mimi nikaipaka: udongo, majani ya kutwanga, majivu kwa tumbo. Siku tatu.

Halafu moniteri mupya, mwalimu wa masomo, akafika ku misioni, kijana wa Mushaki, viatu inametameta, gazeti ya Kifaransa mu kwapa.

"Papa, hapa banasema iko aina mingi," akamuambia kaka. "Hii ya zamani ni fupi. Hii ingine magurudumu yake imefunikwa. Na hii, kijani nzima."

Nikaruka. "Gazeti yako iko nyeusi na nyeupe! Kijani uliionea wapi, mu ndoto?"

"Bameiandika. Weye ulisomea wapi?"

Kaka akacheka. Akacheka pamoja na yeye! "Mudogo, tulia. Mimi nilikuwa nimelala mu matope, niliona moja tu, tena mbio. Moniteri, soma tena."

Akachukua kisu, akakwangua madoa yangu ku ile ndege ya muti, mbele ya macho yangu. "Kijani tuipake mpaka wapi?" Alimuuliza yeye.

Mama akaleta kuku. Kwetu firigisi haipewi kila muntu, lakini tangu arudi, kaka alikuwa anaipasua mbili: nusu yake, nusu yangu. Siku ile alimupa moniteri yote. Mimi, akanisukumia shingo.

Nilipindua sahani. Nikamuambia moniteri arudi Mushaki kuchunga ng'ombe. Kaka hakunisemesha mwezi muzima.

Mpaka leo yeye mwenyewe anasema kijani. Mimi nasema muchanga na madoa, sababu njo neno yake ya kwanza, na ile neno sitaiacha. Munaniita muntu ya wivu. Sawa. Weye ungekula ile shingo na kunyamaza?