Pampu Isiponyamaza

Juzi nilipita mtaa wetu wa zamani, karibu na mtaa uitwao Tena, na nyuma ya gereji moja nikasikia mlio niliodhani umeshapotea duniani: tik-tik-tik-tik. Pampu ya petroli ya gari kuukuu. Nilisimama pale na mfuko wangu wa sukuma wiki, mtu mzima mwenye watoto, nikingoja inyamaze.

Baba alikuwa dereva wa ofisi, lakini gari lake mwenyewe lilikuwa limenizidi umri. Kila Jumamosi alifungua boneti pale uani, akatoa chujio la petroli na kulipuliza kwa mdomo, akatema mate, akapapasa mipira ya kupitishia petroli kuona kama imepasuka. Kisha aliwasha pampu na kuinua kidole, tunyamaze. Ikitiktika kidogo halafu ikatulia, kabureta imejaa. "Pampu isiponyamaza," alizoea kusema, "jua inamwaga mahali."

Miaka hiyo ya tisini magari yaliibwa hata mchana, wenyewe wakiwa ndani. Kwa hiyo fundi wake akamwekea swichi ya siri ya kukata petroli, ndani kabisa chini ya dashibodi, nyuma ya nyaya. Mwizi angeenda kidogo tu, gari limzimikie. Lakini yule fundi, Mungu amrehemu, aliiunganisha pampu moja kwa moja na betri. Hata ukichomoa ufunguo iliendelea kusukuma, mpaka ubonyeze swichi ile. Baba aliuona huo ni ujanja. Mimi nilijua swichi ilipo kwa sababu mkono wangu mdogo ndio uliopenya siku ilipochomoka. "Hata mama yako asijue," aliniambia. "Asiyejua halazimishwi kusema." Tangu hapo nililala kwa woga, maana mimi nilijua.

Desemba moja nyanya yangu, ambaye sisi Wakamba humwita susu, alikuja kutoka Machakos. Jumamosi asubuhi tulikuwa tumeketi uani, makaa yamekolea kwenye jiko lake, yeye anapika chapati na mimi nasukuma. Baba alikuwa amebadilisha mpira mmoja wa petroli na, kwa kukosa klipu, akaufunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Akawasha pampu. Haijatulia, mgeni akamwita nje. Akachomoa ufunguo kwa mazoea, akatoka, mlango wa gari akauacha wazi.

Tik-tik-tik. Nilisukuma chapati moja, nikasukuma ya pili. Haikunyamaza. Ndipo harufu ikanifikia, ikashinda ile ya chapati, na nikaona mstari mwembamba ukitoka chini ya gari, ukifuata mteremko wa saruji kuelekea kwenye jiko.

Ngoja nikwambie jambo ambalo sijapenda kulisema. Niliganda. Mama jirani alikuwa akianika nguo hatua chache kutoka pale, na nikawaza: nikiingia mle ndani, ataona swichi ilipo. Pampu ilipiga tik kumi hivi nikiwa nimeshika unga mkononi.

"Susu, toa jiko! Petroli!"

Hakuuliza kitu. Alilikamata jiko kwa mikono mitupu, na makaa yake na kikaango juu, akakimbia nalo hadi nje ya lango, yeye aliyekuwa akilalamikia magoti tangu afike. Nikajitupa ndani ya gari, mkono katikati ya nyaya, nikabonyeza. Kukawa kimya, na hapo ndipo nilipoanza kulia.

Baba aliingia mbio akanikuta nimelala kifudifudi chini ya usukani. "Nani ameona?" Hilo ndilo swali lake la kwanza.

"Mimi nimeona," mama jirani akajibu. "Na mikono ya mama yako pia nimeiona. Enda uiangalie."

Viganja vilikuwa vimechunika. Baba alipiga magoti kwenye saruji, akavitia katika karai la maji, akalia mbele za watu. Susu akamwambia kwa Kikamba aache kelele, chapati inaungua.

Jioni ile aliishusha swichi mahali pa wazi, akaipaka rangi nyekundu ya kucha ya mama, akatuita sote, hata mama jirani, akatuonyesha. Fundi akarudishwa kufunga klipu na kuunganisha pampu na ufunguo. Kabla ya Pasaka gari likaibwa. Watu wakasema si ajabu, swichi yenyewe ilionekana hata na kipofu. Susu alikuwa bado kwetu akipona, na baba alimtazama akijaribu kukanda unga kwa vidole visivyonyooka vizuri. "Wacha waende nalo," akasema.

Leo pale uani pamesimama ghorofa. Baba hayupo, susu hayupo, na magari ya siku hizi yana vifaa vya kujikatia petroli yenyewe, huwezi hata kuyasikia. Pampu ya gereji ilinyamaza hatimaye, nikaondoka. Baba alikufa akiamini nilipiga kelele mara tu nilipoona. Susu nadhani alijua, kwa sababu alikuwa akinitazama usoni muda wote ule, na hakumwambia mtu.