Vidonge Alivyokula Watasema

Bwana Abdulnasiri alikuwa mtu wa kuudhi kwa maswali. Ukimwita aje kumtazama mbuzi asiyecheua, ataegemeza baiskeli ukutani, atasalimia kaya nzima mpaka kitoto cha mgongoni, halafu ataanza: amekula nini, lini, kalishwa na nani, amekunya mara ngapi, rangi gani. Mimi ni mwalimu, kuuliza maswali ndiyo kazi iliyonilisha, lakini ya kwake yalinikera. Niliona anajifanya msomi. Nayasema haya mapema ili ujue tangu sasa kwamba mwenye kosa katika habari hii hatakuwa yeye peke yake.

Alizaliwa Dodoma mjini, katika nyumba za watu ambao babu zao walikuja na misafara ya biashara wakaamua kubaki. Aliingia idara ya mifugo akiwa kijana, akawa msaidizi, akachanja ng'ombe wa Chamwino miaka na miaka. Mwaka 1993 serikali ilipopunguza watumishi, jina lake likatokea kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni. Wenzake wengine walifungua vibanda, wengine walirudi shambani. Yeye alinunua begi la mtumba, akapanda baiskeli yake, akaanza kuzunguka Kizota, Mkonze na mbele zaidi akitibu mifugo kwa jina lake mwenyewe. Kazi ya namna hiyo haina ofisi wala muhuri. Ina sifa tu, na sifa ikiharibika umekwisha.

Nyuma ya baiskeli alifunga kopo la mafuta ya kula lililojaa udongo mwekundu. Akimaliza kumshika mbwa aliosha mikono mara saba, mojawapo kwa udongo, kama dini yake inavyomtaka. Sisi watu wa Mkonze tulimtania sana.

"Bwana Mifugo, yaani udongo wetu haufai, mpaka ubebe wa mjini?"

"Wa kwenu una mavi ya mbuzi," alijibu bila kucheka. "Nitauosha na nini?"

Watasema alikuwa mbwa wa jirani yangu, Raheli. Marehemu mumewe ndiye aliyempa jina hilo, maana alisema ufuge mbwa usifuge, watu watasema tu. Raheli alibaki na mbuzi ishirini na tatu, zizi la miiba, na nyumba ya mwisho kabla ya pori. Mwaka ule wa 1994 fisi waliingia kwenye kaya mbili za jirani wakachukua walichotaka. Kwa Raheli hawakuingia, na sababu ilikuwa mbwa. Mbuzi wale ndio waliokuwa shamba lake, akiba yake na mume wake. Mbwa akifa, wao hawafiki Krismasi. Hilo lilijulikana na kila mtu.

Mwezi wa Agosti, alfajiri moja, fisi wawili walijaribu. Watasema aliwazuia mpaka tukafika na mapanga, ila mguu wake wa nyuma ulikuwa umesagwa chini ya goti, mfupa unaonekana. Kulipopambazuka vizuri Bwana Abdulnasiri alikuja. Tuling'oa mlango wa jiko, tukaulaza juu ya mapipa mawili, akamchoma mbwa sindano ya usingizi na kuukata mguu ule. Mimi ndiye niliyeshika kichwa. Alishona polepole, akasafisha, halafu kabla mbwa hajazinduka akamchoma sindano nyingine kutoka kichupa kidogo alichosema ni cha kutuliza maumivu. Akamwachia Raheli aspirini.

"Nusu kidonge asubuhi, nusu jioni, akishakula. Asipokula, usimpe. Na asipewe kitu kingine chochote. Tumbo la mbwa si la mtu. Kidonge kinachokupoza wewe kichwa, yeye kinaweza kumtoboa utumbo."

Sote tuliitikia kwa vichwa. Mimi niliitikia kuliko wote.

Sasa, kwetu mgonjwa hutazamwa, na mbwa aliyezuia fisi wawili hakuwa mbwa wa kupuuzwa. Watu walikuja kumjulia hali kama wanavyomjulia mtu. Na hakuna anayekwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu. Miaka ya nyuma ungepeleka sukari, kama uliipata. Lakini biashara ilikuwa imefunguliwa, kila kona ina kibanda, na kila kibanda kimening'iniza vidonge karibu na nyembe na sabuni. Sisi tuliozoea kupanga foleni zahanati na kuambiwa dawa zimekwisha, tulivishangilia vidonge vile. Nyumba isiyokuwa navyo kabatini ilijiona fukara.

Siku ya pili baada ya upasuaji nilitoka shule, Raheli akaniomba nikae na mbwa, yeye aende bombani. Watasema alilia. Si kubweka, ni kulia, sauti nyembamba isiyokatika. Nilivumilia kidogo, kisha nikaenda nyumbani nikachukua kapsuli moja ya dawa yangu ya mgongo aliyoniletea kaka yangu kutoka Dar es Salaam. Niliificha ndani ya tonge la ugali lenye kipande cha nyama. Baada ya muda mbwa alinyamaza akalala. Nilifurahi mno. Kesho yake, Raheli alipokwenda bombani tena, nikampa mbili. Sikumwambia mtu. Nilijiona ninajua kupita yule mzee wa kopo la udongo.

Siku ya nne, Jumamosi asubuhi, Bwana Abdulnasiri alirudi. Alitukuta uani: Raheli, mimi, Yotham mwenye mashine ya kusaga, mkewe Priska, na mzee Silvano wa nyumba ya pili.

"Mbukwenyi!" alisalimia kwa Kigogo chake cha mjini.

"Mbukwa," tukaitikia.

Watasema hakuinua kichwa. Kisiki cha mguu kilikuwa kimevimba, na nyuzi mbili alikuwa amezing'ata zikakatika.

"Dawa yako ndogo, Bwana Mifugo," Raheli alisema. "Tangu jana jioni hataki kula. Anaumia. Mpe ile ya sindano, ile kubwa. Nakuomba, baba yangu."

Bwana Abdulnasiri alitoa kile kichupa begini, akakitazama, akakirudisha. "Kwanza tumpime uzito. Yotham, lete mizani yako."

Yotham alileta mizani ya kuning'iniza, tukaifunga kwenye nguzo ya zizi, tukamtia mbwa kwenye gunia tukamwinua. Kilo kumi na sita na nusu. Bwana Abdulnasiri aliisoma, akaisoma tena, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Niliona shingo yake inatoka jasho na jua lilikuwa bado changa.

Mbwa aliporudishwa juu ya gunia, tuliona kinyesi alichoacha: cheusi, kinanata kama lami. Glavu za Bwana Abdulnasiri zilikuwa zimetoboka. Alizivua, akaufunua mdomo wa mbwa kwa mkono mtupu, mate yote yale, akabonyeza ufizi. Ulikuwa mweupe, kama usio na damu.

"Mama Raheli, amekula nini zaidi ya dawa yangu?"

"Haki ya Mungu, mimi nimempa hiyo yako tu, na tangu jana jioni sijampa."

"Nakuamini. Nauliza na wengine. Nani amempa kitu?"

Kwetu swali hilo si jepesi. Kuuliza nani amemlisha mnyama wa mjane ni sawa na kuuliza nani kamtilia sumu, na neno la sumu likishatajwa uani halifutiki, watoto wenu watarithi. Priska alikuwa wa kwanza kuchemka.

"Unatuita wachawi, mzee? Tumekuja kutoa pole, unatuita wachawi?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Umesema nini basi?"

Alikaa chini, mavumbini, karibu na mbwa. "Sikilizeni. Kinyesi kuwa cheusi kuna mambo mawili. Amelamba damu ya kidonda akaimeza, au utumbo wenyewe unavuja. Kama ni kulamba, ninaweza kumchoma kidogo apate nafuu, ale, aache kung'ata nyuzi. Tusipomtuliza atakifumua kidonda chote, na huko ndiko kufa. Kama ni utumbo, sindano hii hii itamuua kabla ya kesho. Kwa kumtazama siwezi kujua. Ninyi ndio mnajua."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti, kichwa cha Watasema mapajani mwangu, kama siku ile ya upasuaji. Nilijiambia: kapsuli tatu tu. Nilijiambia: mimi ni mwalimu, nawafundisha watoto wasile dawa za watu.

Ndipo alipofanya jambo ambalo mpaka leo sijaona mtu wa kazi yoyote akilifanya mbele ya wateja wake. Aliomba ungo. Raheli akamletea. Akakitoa kile kichupa, akakiweka katikati.

"Naanza na mimi," alisema. "Siku ile nilimchoma hii. Ni ya ng'ombe. Nilimkadiria kwa macho, nikasema mbwa huyu ana kilo ishirini na tano. Mmeona mizani. Nimempa zaidi ya kiasi chake, halafu juu yake nikaacha aspirini. Hapakuwa na mchawi. Palikuwa na mimi, na haraka yangu. Mama Raheli, nisamehe."

Yotham alifyonya. Nilijua anachofikiri, kwamba ng'ombe wake saba hawatashikwa tena na mtu huyu. Mzee mwenyewe alijua pia, maana alikuwa ameyaelekeza macho kwenye ungo na hakuyanyanyua.

Mzee Silvano akajikongoja kwenda kwake, akarudi na kipande cha karatasi, akakiweka kwenye ungo. Aspirini mbili zilitoka humo juzi. "Nilimwonea huruma," alisema. Priska alinung'unika kwa muda, kisha akafungua fundo la khanga: kidonge cha njano cha maumivu ya viungo, cha Yotham; kimoja kama hicho alikuwa amempa mbwa. Hata Yotham hakujua.

Bwana Abdulnasiri alivihesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Alihesabu mara ya pili. "Ni nyingi," alisema, "lakini nimeona mbwa wakistahimili hizi. Huenda ni kulamba tu. Nitampa robo ya sindano, atulie." Akavuta dawa kwenye bomba. Kidogo sana, tone na nusu. Akanishika bega nisogee apate paja la mbwa.

"Mwalimu, mshike vizuri."

Sindano iligusa manyoya. Nikasema, "Ngoja."

Nikasema tena, kwa nguvu, karibu kupiga kelele: "Ngoja! Mimi nimempa. Kapsuli tatu. Za mgongo."

Alinitazama bila kuvuta mkono. "Za rangi mbili, zile kali?"

"Ndiyo."

Aliisukuma dawa yote ikamwagika mavumbini, akachomoa sindano akaitupa ndani ya kopo tupu. Hakunifokea. Ningeona afadhali anifokee.

Tangu saa ile dawa zote hizo zilisimamishwa. Maji ya sukari na chumvi kijiko kwa kijiko, uji mwembamba, na vidonge vyeupe vya kutafuna vya tumbo, vilivyosagwa. Ndoo ya plastiki iliyokatwa kitako alivishwa shingoni asifikie nyuzi. Kwa maumivu, hakuna. Ndilo lililotubidi tuchague, aumie au avuje, na tulimchagulia kuumia.

Nani atakaa naye? Bwana Abdulnasiri alisema, "Mwalimu atakaa. Yeye ndiye asiyeweza kuvumilia kumsikia akilia." Sikujua kama ni adhabu au imani. Shule zilikuwa karibu kufunga, nikaomba ruhusa, nikakaa siku tano. Mbwa alilia. Watu walikuja kumjulia hali na mikono yao imejaa, nikawarudisha mlangoni kwa maneno makali. Vidonge vyangu vilikuwa nyumbani, hatua mia na kidogo, na kuna mchana mmoja nilisimama, nikatembea nusu ya njia, nikarudi nikaketi nikilia pamoja naye. Mzee alikuja kila siku kwa baiskeli, akabonyeza ufizi kwa mkono mtupu, akatikisa kichwa, akaenda kuosha mara saba. Siku ya tano alibonyeza, akaachia, akanionyesha. Wekundu ulirudi polepole chini ya kidole chake. Tulitazamana kama watoto waliofaulu mtihani.

Yotham hakumwita mwaka mzima. Wengine walimfuata Yotham. Mzee alikula kwa shida msimu ule, najua, maana alikonda. Lakini begini mwake akaongeza mizani ndogo ya kuning'iniza, na kila kaya aliyoitwa alianza kwa kusema alichowahi kukosea yeye, ndipo aulize wao wamempa mnyama nini. Watu walimjibu. Yotham naye alirudi, ng'ombe wake alipovimba tumbo.

Raheli hakunigombeza kamwe. Mara moja tu, tukichambua karanga, alisema bila kunitazama: "Mwalimu, siku ile ya ungo, muda wote ulikuwa umemshika kichwa." Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchambua.

Watasema aliishi miaka sita mingine kwa miguu mitatu, na fisi hawakuingia. Mbwa yule hakumpenda Bwana Abdulnasiri, alimngurumia hata akiisikia baiskeli kwa mbali. Mimi alinipenda. Kila nikitoka shule alikuwa akinisubiri njiani, akaja akichechemea, akaitia pua yake kiganjani mwangu akitafuta tonge lenye nyama.