Sabuni Iliyopungua Guniani

Wanasema lisemwalo lipo. Mimi nasema mengine husemwa kwa sababu msemaji hana kazi. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, hakununuliwa na kiwanda cha sabuni. Mabati mapya ya chumba chake cha uani hayakutoka kwa mwenye kiwanda. Marehemu aliyanunua mwenyewe mwaka aliostaafu, yakakaa nyuma ya choo yakimngoja fundi mpaka mwenye nayo akatutoka. Na lile gunia halikuuzwa. Nimeulizwa habari hizi sokoni, msibani, hata kwenye foleni ya kliniki, tena na watu wanaoanza kwa kusema, "Sisi hatuamini, lakini." Basi nitaeleza mara moja, kwa maandishi, maana neno la mdomo mtaani kwetu likifika nyumba ya tatu huwa limeshaota mkia.

Wifi yangu ni dobi. Katika ukoo wetu wapo walimu, nami mmojawapo, na yupo hakimu. Ndugu zake walipomcheka kwa kazi ya kufua nguo za watu aliwajibu, "Hakimu naye hufuliwa." Hufua kwa mkono. Hupokea nguo mlangoni, hupekua mifuko mbele ya mwenyewe, hutenga nyeupe na za rangi, kisha hutia alama ya uzi kwenye pindo ili shati la karani lisije likavaliwa na kinyozi. Mtaa humwita Mama Povu. Hana mtoto aitwaye Povu wala asiyeitwa Povu. Jina alilipata kwa sababu beseni lake likichemka kazi, povu humfika viwikoni.

Kiwanda kiko juu ya mtaa, na kijito hupita chini ya ukuta wake kabla ya kutufikia sisi. Walipoanza kumwaga humo maji yao ya magadi, watoto waliocheza kijitoni walirudi na miguu iliyobabuka. Wanawake walikwenda getini kwa adabu, wakaambiwa watajibiwa. Hawakujibiwa. Ndipo wifi yangu, ambaye hajawahi kuwasemesha watu wengi kwa pamoja ila kuwauliza hii suruali ya nani, aliposimama pale bombani akasema, "Jamani, sabuni yao tunainunua sisi. Tuache kuinunua mpaka wachimbe mtaro."

Wakaapa. Kila nyumba ikaleta miche ya sabuni iliyokuwa nayo, mizima na vipande, yote ikatiwa kwenye gunia moja ili siku ya maandamano ikamwagwe mbele ya geti. Gunia akakabidhiwa wifi yangu, akaliweka chini ya kitanda chake, nyumbani kwangu. Sikupenda. Kitu cha watu wengi kikikaa kwa mtu mmoja, huyo mmoja ameshashitakiwa, bado kuitwa tu. Nikamwambia.

"Wifi," akanijibu, "wewe unamshuku hata anayekuletea maji ya kunywa."

Ni kweli. Na tumbo langu halijawahi kunisumbua.

Sabuni nyingine dukani ilikuwa moja tu, ya kutoka mbali, ngumu kama kigae. Ukiisugua wee, povu hulioni. Mwenye duka alipompimia mtu alikuwa akiuliza, "Hii ya kufulia au ya kujengea?" Kisha hucheka peke yake. "Kugoma kwa mdomo rahisi, mama. Tutaona nguo zitasema nini."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Sabuni ya kiwanda ilitiwa mchaichai, na harufu yake hukaa kwenye shuka hata baada ya jua kali. Haukupita muda wanawake wakaanza kunusana. Jirani anakuja kuomba chumvi, lakini pua anaipitisha kwanza kwenye kamba ya nguo. Watu wanakumbatiana kuliko ilivyokuwa desturi, na kila anayekumbatia anavuta pumzi. Hodari wao alikuwa mama wa nyumba ya kona, tuliyemwita Kipaza kwa kuwa chombo hicho hakukihitaji. Yeye alinusa hadi leso ya mtoto wa shule.

Mimi pua yangu ilinipeleka karibu zaidi. Siku moja nilipita mlangoni kwa wifi yangu nikasikia mchaichai mbichi, harufu ya sabuni iliyokatwa sasa hivi. Nikainama nikatazama chini ya kitanda. Gunia lililokuwa limetuna kama mjamzito lilikuwa limelegea.

 Nilikwenda kwenye kamba yake ya nguo kwanza. Nikazinusa nguo za wateja moja moja, mtu mzima mimi, nikiomba asinione mtu. Hakuna mchaichai. Kola za mashati zilikuwa na umanjano wa jasho ambao ile sabuni kigae haikuuweza. Karani wa ofisi ya maji alikuwa ameshahamisha nguo zake kwa dobi mwingine kwa ajili hiyo hiyo, na kinyozi alikuwa njiani kumfuata. Basi haitumii. Asiyeitumia na inapungua, nikawaza, huiuza. Ukoo wa hakimu!

Nikamvizia. Mchana, jua linapochoma na uchochoro hauna mtu, nilijifanya nimelala, kumbe niko nyuma ya pazia la dirisha la uani. Mlango wa nyuma ukagongwa kwa kucha. Akaingia mwanamke, mtandio umemfunika hadi puani.

"Shoga, nisitiri," akasema. "Mtoto ana upele. Lile jiwe linamchubua."

Wifi yangu hakuuliza neno. Alivuta mche guniani, akazungusha uzi, akaukata kama mtu akatavyo ugali, akampa kipande. Nilingoja kuona mkono wa yule mwanamke ukiingia kifuani kutoa chochote. Haukuingia. Akatoka. Hakufika mbali akaja wa pili. Huyu hakuwa na mtoto mgonjwa. Alikuwa na mkwe anayekuja.

"Shuka zangu, Mama Povu, zimekuwa rangi ya jivu. Mkwe atanionaje?"

"Atakuona unagoma," wifi yangu akasema, lakini akakata.

Nilipotoka nyuma ya pazia alishtuka, kisha akaona sina haja ya kuelezwa.

"Mmeapa," nikamwambia.

"Tumeapa kutonunua. Hiyo walishainunua zamani, tena ni yao."

"Hayo ni maneno ya wakili."

"Si ndiyo damu ya hakimu hiyo."

"Usinichekeshe. Siku ya kumwaga gunia utamwaga nini?"

Alifuta uzi wake kwenye gauni. "Kitakachobaki," akasema.

Waliendelea kuja, nami niliwaona wote, hadi siku ya maandamano ikafika. Wanawake walivaa nguo zao nzuri, safi, kama waendao kusikilizwa. Mimi pia nilikwenda, nikasimama kando, maana mjane wa mwalimu mkuu hapigi makelele barabarani. Meneja wa kiwanda akatoka mwenyewe hadi getini, mikono nyuma. Hakujibu wimbo wala bango. Alifumba macho, akavuta pumzi ndefu.

"Karibuni," akasema. "Mnanukia vizuri. Sabuni yetu hiyo, siyo?"

Walinzi wakaangua kicheko.

"Rudini nyumbani, akina mama. Njooni kuandamana siku mtakayonuka."

Nimewahi kusimama mbele ya darasa lililokamatwa lote na kosa.  Wanawake walitazama miguu yao vivyo hivyo. Kisha Kipaza akapata sauti. "Mwageni gunia!"

Likamwagwa. Ilitoka miche ya kuhesabika na vipande vichache, vikabingirika hadi kwenye viatu vya mlinzi.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" Kipaza akapiga yowe. "Mama Povu! Sabuni yetu umemuuzia nani?"

Meneja si mjinga. Aliona ufa akatia kabari. "Msimsumbue," akasema kwa upole. "Huyu mama ni mteja wetu mzuri sana." Hapo ndipo uvumi wote ulipozaliwa, na mzazi wake ni huyo. Mpaka leo hakuna aliyejiuliza meneja wa kiwanda amemjuaje dobi wa uani.

 Wifi yangu aliwatazama wenzake, uso hadi uso, na kila uso alioufikia uliinama. Mimi nilifungua mdomo. Nilikuwa na majina yote ulimini, na sauti ya kufundishia sijaipoteza. Akanishika kifundo cha mkono. Mkono wa dobi umezoea kukamua mablanketi; sikuweza kujinasua.

"Wifi," akasema chini chini, "tafadhali."

Walimwondoa uongozini pale pale, mbele ya meneja, wakamweka Kipaza. Nilimpeleka nyumbani nimejaa hasira. Huyu ni mtoto wa watu, anaitwa mwizi wa sabuni barabarani, na ushahidi umesimama umevaa magauni yaliyofuliwa kwa hiyo hiyo sabuni!

"Kwa nini hukuwataja?" nikamuuliza.

Alikuwa ameshavuta beseni, analoweka mashati ya kinyozi. "Nikiwataja, kesho nani atakwenda getini? Watakaa ndani wachekane. Sasa hivi wana mtu mmoja wa kumchukia. Acha wanichukie, mradi wawe pamoja."

"Na jina letu?"

"Jina letu litafuliwa, wifi. Maji yakishakuwa safi."

Hakuna aliyegonga tena mlango wa nyuma. Aibu ilifanya kazi ambayo kiapo kilishindwa. Wanawake wakafua kwa kigae kwelikweli, na nguo zikasema, kama alivyotabiri mwenye duka. Shuka zikawa za kijivu, makwapa yakawa magumu, na foleni ya bombani ikawa haisimamiki upande wa upepo. Mwenye duka alirudisha makasha ya sabuni ya kiwanda bila kufunguliwa, na wenye maduka wenzake wakarudisha yao. Wanawake waliporudi getini, wifi yangu akiwa nyuma kabisa ambako hakuna aliyemsemesha, meneja alitoka, mikono nyuma. Hakuvuta pumzi. Alitoa leso.

Mtaro ulichimbwa. Maji ya magadi sasa yanakwenda kwenye shimo lao wenyewe, na kijito kimerudi kuwa kijito. Kipaza alipigiwa vigelegele, akavishwa shada. Wifi yangu alikuwa uani akipiga pasi.

Kwa kuwa shida imekwisha, ameniruhusu kusimulia, ila kwa sharti moja. Na kwa kuwa sasa hufulia tena sabuni ya mchaichai kama mtaa mzima, wapo wanaomnusa wakisema si unaona. Hao nawaambia warudi kwenye kola za wakati ule. Dobi msaliti angekuwa na kola nyeupe na wateja wake wote. Wa kwetu alikuwa na kola za manjano, na kinyozi hajarudi mpaka leo.

Kuhusu sharti: nisimtaje mtu. Najua ni akina nani waliogonga mlango wangu wa nyuma. Mitandio naijua, sauti nazijua, na aliyekuja mara mbili namjua. Wengine hunisalimu kwa heshima nyingi mno siku hizi, wakinitazama mdomoni. Mmoja alinijia juzi na sahani iliyofunikwa, akauliza kama ni kweli naandika. Nikamrudishia sahani yake haijafunuliwa.

Msiniulize kama Kipaza alikuwamo. Sikusema alikuwamo. Sikusema hakuwamo. Wala sitasema.