Siku Kumi za Sindano

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyopanda juu ya magunia ya vitunguu pale Karatu, nimevaa koti la kuazima. Nilikuwa nakwenda Arusha kutafuta tarehe ya uongo.

Nimeamua kukusimulia kwa sababu tangu uliponionyesha barua yako ya kwenda kusoma ng'ambo sijatulia. Uliikunja ukaitia mfukoni, ukaniambia, "Babu, usimwambie mtu." Ulidhani nimekaa kimya kwa furaha. Furaha ilikuwepo, sikatai, lakini lile neno lako la mwisho ndilo lililoninyima raha mpaka leo. Basi nivumilie. Wazee tuna maneno mengi, na wewe una muda, kama hujauchezea.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, mafuta ya gari yalipokuwa ya kubahatisha na sabuni ya kupangia foleni. Nilikuwa bwana mifugo. Kazi yangu ilikuwa kuchanja ng'ombe wa wafugaji kule Ngorongoro, leo Endulen, kesho juu karibu na Loliondo. Nyumbani kwetu ni hapa hapa Karatu, mama yangu akilima mahindi na maharage. Siku moja ikaja barua ofisini kwamba nimechaguliwa kwenda India, kozi ya miezi tisa ya ng'ombe wa maziwa. Kijijini kwetu hakuna aliyewahi kupanda ndege. Niliisoma barua ile mara nne nyuma ya zizi, nikaificha ndani ya buti la mvua.

Kwa nini niliificha? Unajua mwenyewe jinsi tulivyo. Safari ikitajwa kabla ya wakati, tunasema kuna jicho litakaloifuata. Kulikuwa na kijana wa Oldeani aliyetangaza safari yake kila kilabu cha pombe, wiki hiyo hiyo akavunjika mguu. Watu walitikisa vichwa, na mimi nikatikisa pamoja nao, ingawa wote tulijua alianguka kutoka kwenye trekta akiwa amelewa. Basi nikanyamaza. Paspoti nilishughulikia kupitia ofisini kimya kimya, picha nikapiga mjini. Lakini amani sikuipata. Jirani akinisalimia kwa uchangamfu nawaza amejua. Akinisalimia kwa baridi nawaza ameanza kunitupia jicho. Mama aliponiuliza mbona nakonda, nilimwambia ni kazi.

Wiki sita zikapita hivyo. Zilipobaki siku saba nisafiri, Mama Tekla alinikuta dukani naulizia sanduku la nguo. Mama Tekla alikuwa muuguzi wa zahanati na jirani yetu, ukuta kwa ukuta. Akaniuliza sanduku kubwa hivyo la kwenda wapi. Nikajaribu kudanganya, ulimi ukanikatalia.

"India," nikasema kwa sauti ndogo.

Hakuonyesha wivu hata chembe. Aliuliza tu, "Umeshachanjwa homa ya manjano?"

"Bado."

"Mwanangu, kadi ya sindano ile inaanza kuhesabika baada ya siku kumi. Ukitua kule kabla ya hapo, wanakufungia karantini au wanakurudisha. Unaondoka lini?"

Nilipomwambia, alishika mdomo. Mimi nikakaa juu ya debe la mafuta ya taa mbele ya watu. Mficha uchi hazai, mwanangu. Mtu aliyejua nilichokihitaji alikuwa akisonga ugali ng'ambo ya ukuta wetu, wiki sita nzima, na mimi nilikuwa namkimbia.

Nilimweleza mwenzangu mmoja wa kazini. Yeye akacheka, akasema hilo si jambo, mjini kuna karani wa zahanati fulani ambaye hurudisha tarehe nyuma kwenye kadi, dakika mbili tu umemaliza. Nikalishika neno hilo kama mtu anayezama. Kesho yake asubuhi nikapanda lori la vitunguu lililotoka Mang'ola.

Juu ya magunia nilimkuta mzee mmoja wa Kimasai, tumwite Ole Sironga, anakwenda kumwona mkewe hospitalini. Nilimfahamu vizuri, nami nilitamani nisingemfahamu. Miaka miwili kabla nilikuwa nimechanja ng'ombe wake dhidi ya homa ya mapafu, nikawaweka karantini siku ishirini na moja. Naye alikuwa na mitamba ya mahari ya kupeleka Oloipiri, kwa wakwe wa kijana wake wa kwanza, na siku ilikwisha pangwa. Alikuja kwangu mara mbili kuniomba nimpunguzie wiki moja tu. Nikamjibu, "Mzee, ng'ombe hawajui harusi." Nililipenda jibu langu, nikawa nalirudia kwa watu. Ole Sironga akangoja siku zote. Alipofika Oloipiri, binti alikuwa ameshapelekwa boma jingine.

Hakuwa na kinyongo usoni. Aliniuliza naenda wapi, na mimi, ajabu, nikamwambia yote. Nadhani siri ilikuwa imenichosha. Nikamwambia India, nikamwambia sindano, nikamwambia na karani wa tarehe. Lori likamaliza mteremko, tukaingia Mto wa Mbu.

"Ero," akasema, ndivyo wanavyomwita kijana, "hiyo siku kumi ni ya nini?"

"Dawa ienee mwilini, ndipo ikulinde."

"Kama ya ng'ombe."

"Kama ya ng'ombe, mzee."

"Mimi niliomba wewe siku saba. Ulisema ng'ombe haijui harusi. Nikangoja, kwa sababu niliamini wewe unajua ugonjwa. Sasa niambie, ugonjwa inajua kwamba wewe unaenda India?"

Nilitazama magunia.

"Kama hiyo siku ni ya bure," akasema, "kijana yangu alikosa mke bure. Kama si ya bure, ngoja na wewe."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Methali hiyo nilifundishwa darasa la nne, lakini niliielewa juu ya vitunguu.

Usidhani nilishuka Arusha nikiwa mtakatifu. Njia nzima hadi zahanati nilikuwa nabishana na nafsi yangu. Nilichomwa sindano, nikakaa mbele ya yule karani wa tarehe. Alikuwa mtu mpole tu, mwenye miwani. Kalamu ikiwa juu ya kadi akaniuliza, "Niandike tarehe gani, kijana?" Nilijua nikisema moja naondoka, nikisema nyingine nabaki. Nikasema, "Ya leo." Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyepotea njia ya kwao, akaandika.

Nikapeleka simu ya maandishi wizarani Dar es Salaam, kuomba nifike kozini siku chache baadaye. Jibu lilikuja siku ya tatu: nafasi amepewa wa akiba, nijaribu mwakani. Mwakani kozi haikuja. Ilipokuja tena, umri wangu ulikuwa umepita kiwango walichotaka.

Ndiyo, mwanangu. Mimi ninayekushauri habari za ng'ambo sijawahi kupanda ndege hata siku moja. Ulikuwa hujui, maana na hilo nililificha.

Lakini si India inayonichoma. Siku ile jibu lilipokuja nilimwendea mama, akiwa anachambua maharage uani, nikamweleza kila kitu tangu barua. Nilitegemea atasema pole. Aliendelea kuchambua, akauliza bila kuinua kichwa, "Kwa hiyo katika wale uliowaogopa jicho lao, na mimi nilikuwemo?"

Alikuwa mama asiyejua kuweka siri, na ungemwambia asubuhi, Mama Tekla angejua kabla ya chai. Ningechanjwa wiki ile ile. Aliishi miaka mingine kumi na tisa, hakuniuliza tena, na mimi sikupata maneno ya kumjibu mpaka tulipomzika.

Sasa sikiliza. Safari haianzi siku ya ndege, hesabu kuanzia siku ya ndege ukirudi nyuma. Chukua karatasi uandike kila kitu kinachodai siku zake, paspoti, viza, sindano, na kile kinachodai siku nyingi ndicho ukianze kesho. Kuuliza si ujinga, kwa hiyo waulize wa ubalozi, usiulize wa kilabuni. Jina lililo kwenye cheti chako liwe ndilo lililo kwenye paspoti. Nakala za karatasi zako mwachie mtu hapa nyumbani. Na yeyote akikuambia kwamba jambo la siku kumi linaweza kwisha kwa dakika mbili, mshukuru, uondoke. Njia ya mwongo ni fupi, na ya ng'ambo ni ndefu.

La mwisho ndilo la kwanza. Mama yako yuko jikoni sasa hivi, namsikia. Usingoje nimwambie mimi. Inuka, itoe hiyo barua mfukoni, uende ukamsomee.

Mungu akupe njia laini na mioyo laini ya watu utakaowakuta. Ukiumwa, apatikane wa kukushika mkono. Ukirudi, utukute hai, wote uliotuaga.